Pacha wa Marehemu

Nilikufa Jumatatu asubuhi, kwa simu, na aliyeniua ni mtoto niliyemzaa mwenyewe. Habari ya kifo changu sikuipata mpaka Jumamosi, nikiwa nimekaa sebuleni kwa huyo huyo mwanangu nachambua mchele, mzima wa afya isipokuwa goti la kushoto.

Ngoja nianze vizuri. Binti yangu ameolewa na fundi wa kiwanda cha uchapaji. Kazi ya mkwe wangu ni kukata karatasi kwa mashine yenye kisu kirefu kuliko mkono wa mtu, kisu ambacho kikishuka hupasua rundo zima mara moja. Ndiyo maana kazini wanamwita Fundi Kisu. Ni fundi hodari, sitamnyima haki yake. Ila anakunywa. Sisemi anakunywa kama watu wanavyokunywa harusini. Anakunywa asubuhi kabla ya chai. Ananunua vile vichupa vidogo vya plastiki vinavyoingia mfukoni, anavificha kwenye tangi la choo, kwenye mfuko wa vibanio vya nguo, ndani ya viatu vya mvua.

Na binti yangu anamkingia kifua. Hilo ndilo linalonikera kuliko pombe yenyewe. Fundi Kisu akishindwa kuamka, anayempigia simu msimamizi wa kiwanda ni mke. Amemsingizia homa, jino, mgongo, sikio, na chakula kibaya cha jana. Magonjwa yalipomwishia akaingia kwenye misiba. Marehemu mume wangu, ambaye alikufa kweli zamani na nikamlilia machozi ya kweli, alikufa tena mwaka jana. Akafuata shangazi ambaye hatukuwahi kuwa naye. Ukoo wetu ulikuwa unapukutika na mimi sina habari.

Nilifunga safari kwa sababu simu zangu zilikuwa hazipokelewi. Nilipofika, Ijumaa, nilimkuta binti yangu amekonda mpaka pete inamzunguka kidoleni. Huyu ni mshonaji wa mapazia, na mapazia yake watu walikuwa wakiyasubiri kwa zamu, mikunjo imekaa sawa kama imepimwa kwa rula. Sasa cherehani imefunikwa shuka, na juu ya shuka ameweka beseni la nguo chafu. Nikamuuliza wateja wako wapi. Akasema siku hizi hawaji. Watakujaje, ikiwa pazia limeahidiwa Jumatano na Jumatano mshonaji yuko mitaani anamtafuta mume?

Basi nilikuwa na jambo moja tu moyoni, kumtua mwanangu huo mzigo wa kumbeba mtu mzima mgongoni. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa matroni wa bweni la wasichana. Uongo naunusa haujatoka mdomoni. Jioni ile ile nikamwambia, "Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapo zahanati kuna kikundi cha familia zenye watu wa namna hii. Nenda ukawasikilize."

"Mama," akasema, bila hata kugeuka kutoka kwenye jiko, "umekuja kunisalimia au umekuja kunisomesha? Ukiendelea kumgusa mume wangu, hapa kwangu usije tena."

Nikanyamaza. Mwenye mtoto mmoja hujifunza kunyamaza, hata kama ulimi unamwasha.

Jumamosi mchana mlango ukabishwa. Binti yangu alikuwa nje anaanika nguo, Fundi Kisu yuko chumbani anakoroma. Nikainuka na goti langu, nikafungua. Pale mlangoni walisimama watu wawili wamevaa nguo za heshima. Mmoja alikuwa mwanamume mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, nikajua huyu ndiye msimamizi. Mwingine alikuwa mwanamke wa makamo mwenye gundi iliyokauka kwenye kucha. Baadaye niliambiwa ni wa kitengo cha kubandika majalada, na wote kiwandani wanamwita Dada Gundi.

Dada Gundi aliponitazama usoni aliguna kama mtu aliyepigwa tumboni, na pakiti aliyoishika ikamponyoka. Kadi zikatawanyika mpaka kwenye miguu yangu. Nikainama kumsaidia kuokota, na nikajiokota mwenyewe.

Ilikuwa picha yangu ya siku ya harusi ya binti yangu, nimevaa kilemba cha buluu. Chini yake, kwa herufi za rangi ya dhahabu, jina langu kamili na la baba yangu, na chini zaidi: Umetangulia, nasi tu nyuma yako. Karatasi nzito, inang'aa. Sijawahi kutengenezewa kitu kizuri namna ile nikiwa hai. Kasoro ilikuwa moja, kwamba kingo zilikatwa mshazari, na upande wa juu kisu kilikuwa kimepita na kilemba changu na kipande cha paji la uso.

Binti yangu akaingia na vibanio viwili mdomoni. Akawatazama wageni, akaitazama kadi mkononi mwangu, akavitoa vibanio taratibu.

"Karibuni," akasema. "Huyu ni mama mdogo. Pacha wa marehemu."

Wasichana wa bweni walinidanganya kwa miaka na miaka. Waliwahi kuniambia mwenzao ametoroka kwa sababu anatembea usingizini na begi. Lakini uongo ule wa binti yangu, uliotoka papo hapo na sauti haikuyumba hata kidogo, nilitaka kuupigia makofi na kumzaba kofi yeye, vyote kwa wakati mmoja.

"Pole sana, mama mdogo," msimamizi akasema. "Shikamoo. Mnafanana mno."

"Marahaba," nikasema. "Tunafanana. Hata goti tunaumwa lile lile."

Nilikubali mchezo ule kwa sababu binti yangu alinitazama. Kwa macho yale nimewahi kufanya upuuzi mwingi katika maisha yangu. Basi tukakaa. Nikakaa kwenye msiba wangu mwenyewe, na sinia la mchele pembeni.

"Tumesikia alikuwa mama mpole," msimamizi akaanza. "Mvumilivu, asiye na maneno mengi."

Binti yangu akakohoa.

"Alizidi," nikasema. "Upole ndio uliomuua."

"Kwani aliugua nini hasa?" Dada Gundi akauliza, bado ananiangalia kwa wasiwasi.

"Moyo," binti yangu akasema, na mimi wakati huo huo nikasema, "Goti."

Wageni wakatutazama.

"Lilianza goti," binti yangu akasema, "likapanda moyoni."

Wakatikisa vichwa kwa huzuni. Watu wana imani jamani. Mimi nilikuwa nauma meno, nikijiambia nusu saa tu, wataondoka, halafu nitamfundisha adabu huyu mtoto. Ningevumilia hivyo hivyo mpaka mwisho kama msimamizi asingechukua kadi moja na kupitisha kidole kwenye ule ukingo wa mshazari.

"Mtusamehe kwa hizi kadi," akasema. "Tulitaka kuzirudia, lakini tukaona tusiziguse. Picha alituletea fundi, na kadi amezikata mwenyewe. Tulimwambia kaa pembeni, mwingine atakata. Akasema hapana, mama mkwe wangu nitamkatia mimi. Basi mikono ikawa inamtetemeka, maskini. Uchungu ule."

"Tena alitutia hofu," Dada Gundi akasema. "Mimi nilikuwa pembeni napokea kadi. Naona kisu kinashuka na mkono wake bado uko chini unasawazisha karatasi. Nilimvuta kwa shati. Mashine yenyewe ya zamani, haina cha kuizuia. Ningechelewa kidogo tu, angeacha vidole vyote vinne."

"Lakini tumeshauriana," msimamizi akaendelea, "tukaona tusimtoe kwenye mashine yake wakati huu. Itakuwa kama tunamwadhibu kwa kufiwa. Kazi nayo ni dawa. Jumatatu tuna vitabu vya shule, kazi kubwa. Atakaa kwenye kisu kutwa nzima, asahau kidogo."

Nikamgeukia binti yangu. Nilidhani atasema neno, lolote. Angeweza hata kudanganya, maana kudanganya anakujua, aseme mume ameumia bega, aseme kizunguzungu. Yeye aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Asanteni sana. Mungu awabariki."

Alikuwa anashukuru. Mwanangu alikuwa anawashukuru watu kwa kumrudisha mumewe chini ya kisu. Nikajiona Jumatatu jioni nikimshika mkono akilia, na mimi nikijua kwamba Jumamosi nilikaa pale nikajifanya pacha. Na tishio lake la jana lilikuwa bado masikioni mwangu. Nikisema, huenda nikampoteza. Nikinyamaza, ndiyo nimeshampoteza, kwa sababu huyu aliyekaa mbele yangu anashukuru hakuwa yule niliyemlea.

Nikasimama. "Mimi sina pacha," nikasema.

"Mama mdogo, uchungu," binti yangu akadakia. "Kaeni tu, ana uchungu."

"Mimi si mama mdogo wa mtu yeyote. Marehemu ni mimi."

Tukamsikia Fundi Kisu chumbani akivuta mkoromo mmoja mrefu. Msimamizi akaiangalia kadi, akaniangalia mimi, akairudia kadi.

"Mkwe wangu hana uchungu," nikaendelea, maana maji yakishamwagika hayazoleki. "Ana pombe. Jumatatu hakufiwa, alishindwa kuamka. Mikono inatetemeka kwa sababu amekunywa, au kwa sababu hajanywa, moja kati ya hayo. Mkimweka kwenye kisu kutwa nzima mtarudi hapa na kadi nyingine, na hicho kifo hakitakuwa cha kubuni."

Nilitegemea mshangao. Msimamizi akashusha pumzi kama mtu aliyechoka siku nyingi.

"Ya pombe tunajua, mama," akasema.

"Mnajua?"

"Tunakaa naye chumba kimoja. Ananuka tangu asubuhi. Huyu dada humaliza nusu ya kazi zake. Ila mkewe akinipigia na kuniambia ni homa, basi na mimi nawaambia wakubwa ni homa. Siku inapita, kila mtu anafika kwake salama. Tulichokuwa hatujui ni kwamba wewe uko hai."

"Mimi nimelia," Dada Gundi akasema, na sasa alikuwa amekasirika kuliko sisi sote. Alikuwa akimtazama binti yangu. "Nimejifungia chooni kazini nikalia. Mama yangu nilimzika mwaka juzi. Nilikupangia maneno yale mwenyewe, herufi kwa herufi, nikisema huyu dada ni mwenzangu. Kumbe nawe unatupanga."

Binti yangu alikuwa ameshika vile vibanio viwili, anavifungua na kuvifunga.

Msimamizi akainuka. "Mama, ungekaa kimya, ningeendelea kutojua. Sasa umelisema mbele yangu, na kisu nimekabidhiwa mimi. Asiiguse tena ile mashine. Mpelekeni zahanati. Daktari akisema yuko sawa, nitampa meza ya kufungasha. Zaidi ya hapo sina." Wakaondoka, wakaacha kadi zao mezani. Wangezipeleka wapi?

Mlango ulipofungwa nikasubiri dhoruba. Haikuja. Binti yangu aliokota sinia la mchele, akaanza kuchambua pale nilipoishia.

"Umefurahi?" akauliza.

"Mwanangu, vidole vyake..."

"Nimekuuliza umefurahi. Unadhani mimi sijachoka? Unadhani napenda kuua watu kwa simu kila wiki? Wewe una ukweli wako, umekuja nao kwenye begi, umeutua hapa sebuleni, na Jumatatu utapanda basi urudi kwako. Mimi nitabaki nao. Nitaupika na nini, Mama? Niambie. Ukweli wako unaungwa na nini?"

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimekosa la maana.

"Haya. Wewe ndiye uliyemtoa kazini, basi wewe mpeleke huko zahanati. Mimi mikono yangu nimeosha. Simwamshi, simtafuti, simpigii mtu simu. Nakuachia."

Alidhani nitashindwa. Na mimi, kwa hasira tu, nikakubali.

Nawaambia, hakuna adhabu kama hiyo. Mtu na mkwewe wana heshima zao. Hawapaswi kuonana hata kwa kanga ya kulalia. Mimi Jumatatu nilimshikia mkwe wangu ndoo akitapika kwenye benchi la zahanati, watu wametukodolea macho, yeye anasema, "Samahani, Mama, samahani, Mama," na mimi najibu, "Tapika tu, baba, samahani utasema ukimaliza." Wakamlaza siku chache. Alitetemeka, akaona wadudu ukutani, akamwita mama yake aliyemzaa. Nilikaa pale kwenye kiti kigumu nikimchukia kwa moyo wangu wote, na kila alipoomba maji nilimpa.

Alipotoka wakampangia kikundi chake, na mshauri, binti mdogo mwenye miwani, akaniambia na mimi nina kikundi changu. Nikamwambia mlevi ni mkwe wangu, si mimi. Akasema ndiyo, ndiyo maana.

Basi kila Alhamisi nikawa nakaa kwenye chumba cha chanjo, kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, pamoja na familia za walevi na wavuta unga. Kulikuwa na dereva wa lori ambaye mke wake alikuwa ameuza mpaka milango ya kabati. Kulikuwa na bibi na babu wanaolea wajukuu kwa sababu mama yao haonekani. Kila mtu na kisa chake, na visa vyote vinafanana mpaka unachoka. Yule mshauri alikuwa na neno lake moja: "Mkimdaka kila anapoanguka, hatajua kama kuna sakafu." Neno hilo lilinikolea. Nililibeba nyumbani nikalirudia kwa binti yangu asubuhi na jioni, mpaka akawa akiniona nafungua mdomo anahama chumba.

Kikundini nilikuwa najivuna, sitaficha. "Mimi hilo la kudaka sina," niliwaambia. "Mimi mlevi simfichi. Nilifufuka mbele ya wageni ili nisimfiche." Wakacheka. Dereva alicheka mpaka akajifuta macho.

Na kweli mambo yakaanza kukaa sawa. Wiki zikapita. Fundi Kisu akawa anashika kikombe cha chai kisimwagike. Akatengeneza bomba la jikoni lililokuwa likidondoka tangu harusi yao. Nikagundua ni mtu wa mzaha, tena mzaha mzuri, na kwamba anajua kukunja gazeti kuukuu likawa kofia ya mtoto. Binti yangu akaliondoa beseni kwenye cherehani. Siku moja niliporudi sokoni nilisikia ile sauti ya mashine kutoka barabarani, nikasimama kidogo kwenye kona ili niisikilize. Mimi na yeye tulikuwa hatujasemezana vizuri bado. Tulikuwa tunapitishiana chumvi tu. Lakini alikuwa anashona.

Na mimi nitasema wazi: nilianza kumpenda yule mkwe. Nilimnusa kila anapoingia, kwa kisingizio cha kumpokea mzigo, na kila nilipokuta ananuka sabuni tu nilifurahi kama nimemzaa mimi. Msimamizi akatuma neno, Jumatatu inayofuata aje aanze kwenye meza ya kufungasha. Alhamisi niliwatangazia kikundi kizima. Jumamosi nikampigia pasi shati, kola mara mbili.

Jumapili alasiri akaaga anakwenda kwa kinyozi.

Jioni ikaingia, hajarudi. Nikamwambia binti yangu, "Mumeo amekawia." Akasema, "Naona." Akaendelea kupinda pindo la pazia la mtu. Nikasubiri ainuke, achukue viatu, atoke kama zamani. Hakuinuka. Basi nikatoka mimi. Nilimfuata kinyozi, akasema aliondoka zamani. Nikachungulia baa ya kwanza, ya pili, na ile isiyo na jina nyuma ya gereji, goti linaniwaka moto, nikiwauliza wanaume wasionijua kama wamemwona kijana wangu. Nilisema hivyo, kijana wangu. Nikarudi mikono mitupu. Binti yangu alikuwa amemaliza pindo, ameniwekea maji ya moto ya kukanda goti.

Asubuhi tukamkuta kwenye kochi, kiatu kimoja mguuni. Nywele alikuwa amenyoa kweli, tena vizuri, zimechongwa shingoni. Shati lake la kazini limening'inia mlangoni. Nikamrushia maji usoni. Nikamkalisha, akaanguka upande. Nikamwambia meza inakusubiri, baba, amka, leo tu, leo tu jikaze. Akatabasamu na macho yamefumba. Nikampiga kofi la shavu ambalo mkwe hapigwi. Binti yangu alikuwa amesimama kizingitini anatutazama, mikono ameikunja kifuani.

Simu yake ikaita. Akaiangalia, akaipokea. Nyumba yetu ni ndogo na sauti ya msimamizi ni kubwa, nilimsikia anauliza fundi yuko wapi, wenzake wameshaanza.

"Yuko..." binti yangu akasema, akakwama.

Nilimwona anatafuta. Nalijua lile jicho, nimeliona kwa wasichana wengi, jicho linalopita haraka juu ya homa na jino na mgongo likitafuta kilichobaki. Safari hii halikuokota kitu. Na msimamizi anasubiri. Na wiki zote zile, ndoo, benchi, viti vya watoto, kola niliyoipiga pasi mara mbili, vyote vinakwenda na maji kwa ajili ya siku moja.

"Tumbo," nikanong'ona. "Mwambie anaharisha."

Akageuka kunitazama. Nikadhani hajanisikia. Nikamsogelea, nikamshika mkono usio na simu.

"Mwambie tumbo limemchafuka. Kesho anakuja. Mimi nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni."

Akaendelea kunitazama huku simu iko sikioni. Sijui alitazama nini muda wote huo.

"Amelewa," akamwambia msimamizi. "Hapana, si mgonjwa. Amelewa, yuko kwenye kochi." Akasikiliza. "Hilo sijui. Akiamka ataongea na wewe mwenyewe." Akasikiliza tena, akasema ndiyo, akasema asante, akakata.

Nilipandwa na hasira. "Umefanya nini?" nikasema. "Wiki zote zile. Siku moja, mwanangu. Ungemfichia siku moja tu, mtu anajitahidi, siku moja ingekupunguzia nini?"

Akauondoa mkono wangu kwenye wake, polepole, akanikalisha kwenye kiti cha cherehani. Nilitegemea anigombeze, na ningegombezwa ningejua la kusema.

"Mama," akasema, "na wewe umeshaanza."